Kweli au Uongo: Yasemwayo Kuhusu Watoto, Vijana na Mashirika Kitui na Makueni

Panda matatu inayotoka Machakos kwenda Wote au Kitui, kisha abiria mmoja ataje shirika la watoto. Gumzo halitakatika hadi kituo cha mwisho. Mmoja atasema haki zimeharibu watoto. Mwingine atasema mashirika ni ya kula. Wa kiti cha nyuma atafunga kazi kwa methali. Mengi ya hayo umeyasikia, na huenda mawili matatu umeyasema mwenyewe. Nimeokota machache, nikayapima kwa sheria, kwa utafiti na kwa yaliyotendeka katika kaunti hizi mbili ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia watu 1,136,187 (Kitui) na 987,653 (Makueni). Mengi yameanguka vibaya. Machache yamesimama nusu.

“Haki za watoto ni mambo ya Wazungu”

Uongo, tena uongo wa kuchekesha. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto Novemba 1989, na Kenya ikauridhia Julai 1990, mwaka haujatimia. Nchi mwanachama ambayo haijauridhia mpaka leo ni moja tu, nayo ni Marekani. Basi kama haya ni ya Wazungu, Mzungu mwenye sauti kubwa kuliko wote ameyakataa.

Afrika nayo haikungoja kufunzwa. Mwaka 1990 ilijiandikia hati yake ya haki na ustawi wa mtoto, na Kenya ikairidhia mwaka 2000. Ukikutana na yule anayelalamika kwamba watoto wamepewa haki bila wajibu, mwelekeze kwenye kifungu cha 31 cha hati hiyo. Kinamtaka mtoto, kwa kadiri ya umri na uwezo wake, awaheshimu wazazi na wakubwa zake wakati wote na awasaidie wanapohitaji. Susu (nyanya) yeyote wa Mutomo kule Kitui angetia sahihi hapo bila kuuliza swali. Kisha kuna Katiba ya 2010, iliyopigiwa kura na Wakenya wenyewe. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto jina na uraia, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makao, matibabu, na ulinzi dhidi ya dhuluma na kazi za kumnyonya.

“Samaki mkunje angali mbichi, na cha kumkunjia ni fimbo”

Methali ni kweli. Fimbo ni uongo, nayo imeongezewa hapo na watu.

Wahenga walisema umfunze mtoto mapema, na hakuna mtaalamu wa malezi atakayewapinga. Hawakutaja chombo. Kuhusu chombo utafiti ni mwingi: mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka 50, zenye watoto zaidi ya 160,000, juu ya kuchapwa makofi ya kawaida, yale ambayo mzazi huyaita ya upendo. Hawakuona kwamba yanamfanya mtoto awe mtiifu zaidi. Waliona yakiandamana na ukali, utovu wa nidhamu na matatizo ya akili.

Sheria ya Kenya iliamua zamani. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo kwa adhabu juu yake. Sheria ya zamani ya watoto, ya 2001, ilikuwa imemwachia mzazi nafasi ya “adhabu ya kiasi”. Iliyoirithi mwaka 2022 haikuibakiza nafasi hiyo.

Utasema sheria haijafika vijijini kama Ikutha. Mbona imeanza kufika? Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Waliopigwa walikuwa asilimia 66 ya wanawake na 73 ya wanaume. Uliporudiwa mwaka 2019 walikuwa kama asilimia 39 na 52. Bado ni wengi kupita kiasi, lakini waliokua katikati ya chunguzi hizo mbili wamepigwa kidogo kuliko waliowatangulia.

“Ukitaka kumsaidia yatima, mjengee nyumba ya watoto”

Uongo kwa sehemu kubwa, na hapa nitakawia, kwa kuwa hapa ndipo wema mwingi hupotea njia.

Jengo huvutia. Lina lango, lina bango, lina mahali pa mgeni kupiga picha. Lakini anza na swali dogo: walio ndani ni yatima kweli? Wengi wa watoto wanaolelewa katika makao ya namna hiyo, Kenya na kwingineko, wana mzazi mmoja aliye hai au ndugu wa karibu. Kilichowapeleka pale ni umaskini na karo.

Swali la pili ni la afya ya akili. Kuanzia mwaka 2000 hivi, watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi za malezi jijini Bucharest, Romania. Nusu walihamishiwa kwa familia za walezi, wengine wakaendelea na malezi ya kawaida ya pale. Waliopata familia walikua na akili iliyochangamka zaidi na mshikamano bora na wanaowalea, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Kitanda safi na uji wa moto havikutosha kujaza pengo la mtu mmoja anayekujua kwa jina lako.

Kenya imekwisha kuyaona hayo. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto kwenye familia na jamii.

Ila Ukambani ilikuwa imeanza kujaribu njia nyingine mapema. Chukua Makindu. Msafiri wa barabara ya Mombasa anaijua kwa hekalu la Kalasinga linalowalisha wapita njia bure. Wachache wanajua kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 pana kituo cha watoto yatima kisichowalaza. Mtoto anaishi kwa shangazi, nyanya au jirani aliyemchukua, na kituoni anafuata chakula, matibabu, kuoga na msaada wa shule. Usiku ukiingia ana mlango wa kwao wa kurudi.

Upande wa Kitui kuna Kwa Vonza. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, alifungua Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wenye virusi vya UKIMWI. Baadaye aliliona tatizo lililo pana zaidi: ugonjwa ulikuwa umeondoa kizazi cha katikati, ukawaacha wazee bila watoto wao na wajukuu bila wazazi. Ndipo kikaanzishwa kijiji cha Nyumbani Village kwenye ekari 1,000 zilizotolewa na baraza la wilaya ya Kitui. Kila nyumba ina susu au umau (babu) mmoja na watoto kumi hivi, baadhi wakiwa wajukuu wake wa damu na wengine aliokabidhiwa. Kijiji kina shule, mashamba na miti ya kuvuna. Je, ni familia kamili? Si kamili, bado ni kijiji kilichopangwa na shirika, kinachotegemea wafadhili. Lakini kinamwacha mtoto mikononi mwa mzee anayemsimulia hadithi kwa Kikamba, na kinampa mzee kazi na heshima. Wahenga waliosema mkono mmoja haulei mwana walikuwa sahihi.

Kabla hatujaondoka Nyumbani, kuna jambo lao lingine linalosahaulika. Shule za umma za Nairobi zilikuwa zikiwakataa watoto wao kwa sababu ya virusi. Shirika lilikwenda mahakamani, na mapema mwaka 2004 serikali ikakubali wapokelewe. Unga na mablanketi ni msaada, na sikatai. Kesi ile iliwafungulia shule hata watoto ambao shirika halikuwahi kuwaona.

“Mzazi maskini ukimpa pesa ataenda kuzinywa”

Uongo. Najua, kila mtu ana jirani mmoja wa kutolea mfano. Jirani mmoja hatoshi kuwa utafiti. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walizipitia tafiti kutoka Amerika ya Kusini, Afrika na Asia zilizouliza swali hilihili: familia zikipewa fedha taslimu, matumizi ya pombe na tumbaku hupanda? Jibu lilikuwa hapana, na mara kadhaa yalishuka.

Kenya yenyewe ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha familia zinazolea yatima, mpango ulioingia baadaye kwenye Inua Jamii. Watafiti wakiongozwa na Sudhanshu Handa walipowafuatilia vijana wa nyumba hizo, waligundua kwamba wasichana walikuwa na uwezekano wa kupata mimba uliopungua kwa asilimia 34 kuliko wenzao wa nyumba zisizopata. Hawakuhubiriwa usafi wa moyo. Nyumba ilipata kitu, shule ikaendelea, na mwanaume mwenye chipsi na nauli ya boda akapoteza silaha.

“Shirika la watoto linalojenga bwawa la mchanga limeacha kazi yake”

Uongo. Katika nchi ambayo mito kama Tiva na Thwake hubaki mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, anayekwenda na mtungi ni mtoto, na saa anazotumia njiani zinakatwa kwenye masomo. Ukuta ukikingamishwa mtoni, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hujificha kati ya punje, jua lisiyafikie. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi za aina hiyo mwaka 1978. Shirika la SASOL liliendesha yake Kitui tangu miaka ya 1990 na kusaidia kujenga mabwawa zaidi ya 500. Nguvu kazi ilikuwa mwethya, ule utaratibu wa kusaidiana kazi ambao Wakamba walikuwa nao kabla ya neno “mradi” kuzaliwa. Hilo ni la zamani na limeshinda mtihani bila shaka yoyote.

Mchanga huohuo una upande wa pili. Malori ya kuuchota yamewatoa wavulana darasani kwa pesa ya siku moja, na mto ukishachotwa hata maji huondoka. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mimi naihesabu kuwa sheria ya watoto, ingawa haijaandikwa hivyo juu.

“Corona ilijaza wasichana mimba, takwimu zilisema”

Uongo, kwa maana iliyovumishwa. Juni 2020 habari ilienea dunia nzima kwamba karibu wasichana 4,000 wa Machakos, majirani zetu hapa, walipata mimba shule zilipofungwa. Hesabu ilitoka hospitalini na ilihusu Januari hadi Mei. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Piga hesabu mwenyewe: nyingi ya mimba hizo zilitungwa wasichana wakiwa bado wanavaa sare kila asubuhi. Tena, idadi ya miezi ileile mwaka 2019 ilikuwa juu zaidi.

Hilo si la kufurahia. Lina maana kwamba tatizo lilikuwapo hata kabla ya corona, bila kamera. Kitaifa, uchunguzi wa afya wa 2022 uliwakuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Mwaka 2014 walikuwa 18.

Na lile la kwamba msichana akijifungua shule imekwisha? Uongo pia. Sera ya kumrudisha darasani ipo tangu 1994, na mwongozo mpya ukatolewa 2020. Mwalimu mkuu anayemfukuza anavunja utaratibu wa wizara yake mwenyewe. Ni hapa hasa ambapo mfanyakazi wa shirika mwenye nakala ya mwongozo mkobani huwa na thamani kuliko hotuba 10.

“Mtoto wa nje ya ndoa ni wa mama”

Uongo. Katiba inawapa baba na mama wajibu ulio sawa, wameoana au hawajaoana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha sheria ya usajili kilichozuia jina la baba kuandikwa kwenye cheti mpaka aridhie. Mama sasa anaweza kuomba jina liingizwe kwa ushahidi, na baba aliyezoea kukana ana kazi ya kujibu.

“Kesi ya unajisi humalizwa na wazee kwa mbuzi wawili”

Uongo, na kati ya yote niliyoyaokota huu ndio unaoumiza zaidi. Wazee wetu wana uwezo mkubwa wa kupatanisha. Mpaka wa shamba, mifugo iliyoingia kwenye pojo za watu, ndugu wasiosalimiana: wapelekee. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliitoa kesi ya aina hii mikononi mwao na mikononi mwa mzazi pia. Ikishafika polisi, uamuzi wa kuisimamisha ni wa ofisi ya mashtaka ya umma. Mbuzi akichinjwa, mtoto hajalipwa chochote, na aliyemuumiza anabaki kijijini, maana kwa kawaida ni mtu anayefahamika: jamaa, jirani, mpenzi, mtu wa heshima. Yule mgeni wa gizani tunayewatisha watoto naye ni nadra.

“Vijana ni viongozi wa kesho”

Uongo unaosemwa kwa tabasamu, mara nyingi na mtu aliyekalia kiti tangu jana. Kwa Katiba, kijana ni mwenye miaka 18 ambaye hajafikisha 35, na anaruhusiwa kupiga kura na kugombea leo. Paul Mwirigi aliingia bungeni kutoka Igembe Kusini mwaka 2017 akiwa na miaka 23. Linet Chepkorir akachaguliwa mwakilishi wa wanawake Bomet mwaka 2022 akiwa na 24. Na Juni 2024 vijana wasio na cheo chochote waliingia barabarani mpaka Mswada wa Fedha ukarudishwa, kwa gharama ya maisha ya baadhi yao.

Lakini uongozi hauanzi siku ya kupata kitambulisho, na hapo ndipo kazi ya shirika ilipo. Baada ya wimbi la migomo ya 2008, Kenya ilianzisha mwaka 2009 mabaraza ya wanafunzi wa sekondari, UNICEF ikisaidia, ambapo viranja wanachaguliwa kwa kura badala ya kuteuliwa na walimu. Kuna pia Bunge la Watoto, linaloanzia mashinani hadi kaunti na taifa chini ya idara ya watoto.

Hapo ndipo wengine huguna: ukiwapa wanafunzi sauti, watachoma bweni. Uongo, ingawa sitakuficha kwamba sauti ya jina tu nayo haikuzuia moto. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 ziliungua, na mabaraza yalikuwapo. Elizabeth Cooper, aliyechunguza mioto ya shule iliyotangulia na kuandika mwaka 2014, alifikia hitimisho lisilopendeza: wanafunzi walikuwa wamejifunza kwamba moto ndio lugha inayosikika haraka. Rais wa baraza asiyeruhusiwa kuuliza habari za githeri yenye mawe ni pambo tu, na wenzake wanalijua hilo kabla ya mwalimu.

Makueni ina somo hapa. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti ilijenga ngazi za ushiriki wa wananchi: kijiji, kundi la vijiji, wadi, kaunti ndogo, mpaka kongamano la kaunti, huku kamati za maendeleo zikiwa na nafasi za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Benki ya Dunia ikapeleka habari zake kwingine kama mfano. Kijana aliyezoea kusimama kwenye baraza la kijiji akauliza kwa nini zahanati haina paa hahitaji semina ya hotelini kufunzwa uongozi. Ningekuwa na pesa za shirika ningezitumia hapo: nauli ya kufika mkutanoni, nakala ya bajeti kwa lugha inayoeleweka, na mtu wa kumwonyesha ukurasa wa wadi yake.

“Mashirika yanakula tu”

Nusu kweli. Yapo yanayokula, na yapo yanayofanya kazi ambayo wewe na mimi hatungeifanya. Usiwahukumu wote kwa gari jeupe. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013, ikalala kabatini miaka 11, ikaanza kutumika Mei 2024. Inadai ripoti na hesabu, kwa hiyo una haki ya kuuliza bila kuitwa mchochezi.

Uliza basi. Nani alichagua mradi huu? Mfadhili akiondoka, mtoto atabaki na nani? Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anawajua? Mtoto aliyeko kwenye kalenda yenu, mzazi wake alikubali? Hilo la mwisho si udaku: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni habari.

“Kupiga simu ya kuripoti kutakula kredo, na watajua ni wewe”

Uongo mara mbili. 116 ni namba ya bure ya kuripoti dhuluma kwa watoto, inapokelewa usiku na mchana kote nchini, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Hulazimiki kutaja jina lako.